Kaliba ni Kipimo cha Nini?

Tangu Juni 2024, vijana wa Nairobi tumejifunza hesabu ambayo hakuna mwalimu aliyetufundisha darasani. Kwenye vibanda vya chai, kwenye matatu, kwenye magrupu ya WhatsApp, watu wanaulizana: ilikuwa ya mpira au ya moto? Ya bastola au ya bunduki? Milimita ngapi? Mtu ambaye juzi tu hakuweza kutofautisha bastola na G3 leo anaokota ganda la risasi kando ya barabara, analigeuza kwenye kiganja, anakwambia, "Hii ni saba sita mbili." Na wote waliosimama hapo wanatikisa kichwa, kana kwamba jambo limeshaelezwa.

Mimi nadhani halijaelezwa. Namba ile ni ya kweli, sikatai. Lakini kuna swali linalonisumbua kila nikiisikia: je, kipimo kinaweza kuwa cha kweli na bado kikatudanganya? Na kikitudanganya, ni nani anayefaidika?

Tuanze na chenyewe. Kaliba ni upana wa tundu la mtutu, basi. Ni kipenyo, kile kile cha somo la hesabu. Ndani ya mtutu wa bunduki kuna mifereji iliyochongwa ikizunguka kama nyuzi za skrubu, ili risasi itoke ikijizungusha na iende ikiwa imenyooka. Ukipima kutoka mgongo mmoja wa mfereji hadi mgongo ulio mkabala wake, unapata namba fulani. Ukipima kutoka shimo hadi shimo, unapata namba kubwa kidogo. Kwa hiyo hata kabla hatujafika mbali, tayari tuna namba mbili kwa tundu moja, na mtu fulani alilazimika kuchagua ipi iandikwe.

Neno lenyewe si geni kwetu. Wanaoeleza asili ya maneno wengi wanalirudisha kwenye neno la Kiarabu lenye maana ya kiolezo, kile chombo unachomimina kitu kiyeyukacho ili kigande kwa umbo lake. Wazungu walilichukua kutoka huko, likapita Italia na Ufaransa, likawa kipimo cha mizinga. Sisi tulilichukua kutoka huko huko, likawa kalibu. Fundi anayeyeyusha madini na kuyamimina kwenye kalibu, na afisa anayesoma kaliba ya bastola, wanatumia ndugu wawili wa neno moja. Hilo linasaidia, maana linatukumbusha kazi ya kwanza ya kipimo hiki. Kiliwekwa ili risasi iingie kwenye bunduki yake. Kinajibu swali la fundi: hii inaingia hapa ama haiingii?

Hata kwa swali hilo dogo, namba zenyewe hazina uaminifu tunaoudhania. Ile saba sita mbili ya AK ni upana wa mtutu ukipima kutoka mgongo hadi mgongo. Risasi yenyewe ina upana wa karibu milimita 7.9. Ile 7.62 ilitokana na inchi: ni sehemu 3 za 10 za inchi, ambazo Warusi wa zamani waliziita mistari mitatu. Risasi ya G3 nayo ni 7.62, lakini ganda lake lina urefu wa milimita 51 na la AK lina 39, kwa hiyo huwezi kuazima moja uitie kwenye nyingine. Bastola ya Makarov inaitwa ya milimita 9, na risasi yake ina karibu 9.27, ile 9 ya kawaida, iliyobuniwa Ujerumani mwanzoni mwa karne iliyopita, ina karibu 9.02. Majina yanafanana, risasi hazibadilishani.

Kisha kuna .38 ya Wamarekani. Ukisikia .38 unadhani ni sehemu 38 za 100 za inchi. Ukipima risasi yake unakuta 0.357. Jina lilibaki kutoka enzi ambapo risasi ilikuwa na upana sawa na ganda lake. Risasi ikabadilishwa, jina likaachwa. Miaka ya 1930 ikaja bastola ya .357, na watu wakadhani ni kitu kidogo kuliko .38. Kumbe upana ni ule ule. Kilichoongezwa ni urefu wa ganda na nguvu ya baruti. Waliotengeneza silaha hii kali zaidi waliipa jina lenye namba ndogo, na jina lilikuwa sahihi kuliko lile la kwanza.

Hayo ni mambo ya mafundi, utasema. Sawa. Lakini ona kinachotokea tunapoichukua namba ya fundi na kuiuliza swali la daktari.

Risasi ya kawaida ya bastola ya milimita 9 ina uzito wa gramu 8 hivi, na inatoka kwa kasi ya karibu mita 360 kwa sekunde. Risasi ya AK nayo ina uzito wa gramu 8 hivi, lakini inatoka kwa mita 715 hivi kwa sekunde. Uzito sawa, kasi mara mbili. Na nishati haiongezeki sambamba na kasi. Inaongezeka kwa kasi mara kasi. Boda ikigonga ukuta kwa kilomita 80 kwa saa, nishati yake si mara mbili ya ile ya 40, ni mara nne. Ndivyo ilivyo hapa: bastola inabeba jouli kama 500, AK inabeba kama 2,000. Lakini ukitazama kaliba peke yake, 9 ni kubwa kuliko 7.62. Ungeambiwa uchague ipi ikupige kwa kusoma namba tu, ungechagua vibaya.

Au chukua .22 ndogo, ile ya kulenga makopo na kuwinda sungura. Upana wake na upana wa risasi ya 5.56, ya bunduki za kisasa za kijeshi, karibu ni sawa kabisa. Tofauti ni unywele. Ya kwanza ina jouli 140 hivi. Ya pili inapita 1,700. Mara kumi na mbili, kwenye tundu lile lile.

Bunduki ya marisau ndiyo inayopindua kila kitu. Yake haipimwi kwa milimita wala inchi. Unachukua ratili moja ya risasi, ile madini, unaigawa kuwa vidonge vya duara vilivyo sawa, kila kimoja cha kuenea mtutuni. Ukipata vidonge 12, bunduki inaitwa ya 12. Ukipata 20, inaitwa ya 20. Kwa hiyo namba ikipanda, tundu linapungua: ya 12 ina karibu milimita 18.5, ya 20 ina karibu 15.6. Halafu, katikati ya utaratibu huo, kuna moja inayoitwa .410, na hiyo imepimwa kwa inchi kama kawaida. Hakuna aliyejisumbua kuileta kwenye mstari.

Na ukifika kwenye mizinga, kaliba inageuka kuwa kipimo cha urefu pia. Mzinga wa kaliba 40 ni ule ambao mtutu wake una urefu wa mara 40 ya upana wake.

Tunao mfano wetu hapa hapa Pwani. Fort Jesus, Mombasa, kuna mizinga miwili ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mmoja ulitoka kwenye meli ya Wajerumani, Königsberg. Mwingine kwenye meli ya Waingereza, Pegasus. Wa Mjerumani una kaliba ya milimita 105. Wa Mwingereza una inchi 4, yaani milimita 101.6. Ukisimama katikati yake, macho hayaoni tofauti ya maana. Lakini tarehe 20 Septemba 1914, Pegasus ikiwa imetia nanga Zanzibar, Königsberg iliianza ikiwa mbali kuliko makombora ya Pegasus yalivyoweza kufika. Moja ilipiga, nyingine ikajibu na kuangusha makombora baharini. Pegasus ilizama siku hiyo. Karibu kaliba moja, na upande mmoja haukuwa na la kufanya.

Mwaka uliofuata Königsberg yenyewe ilimalizwa kwenye delta ya Rufiji. Wajerumani wakaiopoa mizinga yake na kuikokota nchi kavu kuendelea na vita. Iliyokokotwa ilikokotwa na watu, na watu hao walikuwa Waafrika. Upande wa Waingereza nao walikuwa na jeshi lao la wapagazi, Carrier Corps, ndiko tulikopata jina la Kariokor hapa Nairobi na Kariakoo kule Dar es Salaam. Kaliba ya mizinga ile tunaijua hadi sehemu ya mwisho ya milimita. Majina ya wapagazi wengi waliofia njiani hatunayo, maana hakuna aliyeona haja ya kuyaandika. Hapo ndipo swali langu linapoanza kuuma. Ajuaye kupima hupima anachokijali.

Kuna wakati dunia ilijaribu kupima upande wa pili. Mwaka 1868, huko St Petersburg, mataifa yalikubaliana kutotumia vitani risasi za kulipuka zenye uzito wa chini ya gramu 400, kwa hoja kwamba mtu akishaumizwa asiweze kupigana, inatosha. Kumzidishia mateso hakuna faida. Ona kwamba hawakutaja kaliba. Mwaka 1899, The Hague, wakakataza risasi zinazofunguka au kubapa zikishaingia mwilini. Waliokuwa wakilengwa hapo zaidi ni Waingereza, waliokuwa wametengeneza risasi za namna hiyo Dum Dum, karibu na Kolkata. Risasi ile ilikuwa ya .303, kaliba ile ile ya bunduki zao za kawaida. Ukiiweka kwenye bunduki, inaingia. Ukiipima kwa rula, haina kosa. Kosa lake linaonekana tu ndani ya mwili wa mtu.

Mjumbe wa Uingereza aliitetea. Hoja yake, ukiichuja, ilikuwa kwamba risasi ya kawaida inawatosha askari wa Ulaya, lakini haimsimamishi "mshenzi" anayekuja mbio na mkuki. Na tamko lenyewe lilipopita, lilibana tu vita vya mataifa yaliyotia sahihi, yakipigana yenyewe kwa yenyewe. Sisi hatukuwa kwenye orodha. Kwa hiyo hata pale binadamu walipofikia kupima mateso badala ya mtutu, walianza kwa kuamua mateso ya nani yahesabiwe.

Sasa rudi Nairobi.

Tarehe 17 Juni 2025, katikati ya jiji, kijana aliyekuwa akiuza barakoa alipigwa risasi kichwani na polisi aliyesimama karibu naye kabisa, kamera zikiona. Alifariki mwisho wa mwezi huo. Taarifa ya polisi wenyewe ilisema silaha ilikuwa bunduki ya marisau ya kutuliza ghasia. Nami nikawasikia watu, wengine watu wema kabisa, wakibishana: si ilikuwa ya mpira? Ya mpira inaua kweli?

Jibu la fizikia ni rahisi. Bunduki ya marisau ikifyatuliwa kutoka mbali, vidonge vinatawanyika njiani na kupungua kasi. Ikifyatuliwa kutoka hatua chache, vidonge havijapata nafasi ya kuachana. Vinafika kama donge moja. Na kuhusu mpira, Ireland Kaskazini walianza kupigwa risasi za mpira mwaka 1970, kubwa, za upana wa karibu milimita 37, na baadaye za plastiki. Watu 17 walikufa kwa risasi hizo za mpira na plastiki, na wengi wao walikuwa watoto na vijana. Ukipanga silaha zote nilizotaja za kubebwa mkononi kwa kaliba, hiyo iliyoitwa isiyoua ndiyo yenye mtutu mpana kuliko zote.

Lakini ubishi wenyewe ndio unaoniuma kuliko jibu. "Ilikuwa ya mpira" si maelezo ya kitu kilichotokea. Ni ombi la msamaha lililovaa nguo za kipimo. Linahamisha macho yetu kutoka kwa mkono hadi kwenye mtutu. Tunaanza kuuliza risasi ilikuwa pana kiasi gani, na tukifika hapo hatuulizi tena kwa nini kidole kilivuta. Sheria yetu haikuanza hapo. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 linaanza na sababu: maisha ya nani yalikuwa hatarini, na je, njia nyingine zilijaribiwa? Mtu aliyebeba barakoa za kuuza ni hatari ya milimita ngapi?

Najua kuna atakayenipinga, na hoja yake ni nzito. Atasema: wewe unadharau namba, lakini namba hizo ndizo zinazotusaidia. Bila kaliba, karao anaweza kusema kijana alianguka, au alipigwa na wenzake. Daktari wa maiti akitoa kipande cha risasi na kukipima, uongo mwingine unakufa papo hapo. Ile mifereji ya ndani ya mtutu inaacha alama kwenye risasi, na alama hizo zinaweza kulinganishwa na bunduki fulani. Bunduki ina namba ya usajili. Namba ya usajili ina daftari, na daftari lina sahihi ya aliyeichukua asubuhi ile.

Nakubaliana naye kabisa. Hapo kaliba inafanya kazi yake ya kwanza, ile ya kalibu: hii inaingia hapa. Risasi hii ilitoka kwenye bunduki ya aina hii, bunduki hii ilikuwa mkononi mwa mtu huyu. Kipimo kinaturudisha kwa mkono. Namba ile ile inayotumiwa kutuliza hasira inaweza kutumiwa kumtafuta mwenye kidole. Hata madaktari wa maiti wanaonywa wasikisie kaliba kwa kutazama tundu la kuingilia, kwa sababu ngozi inanyumbuka na mara nyingi tundu huonekana dogo kuliko risasi yenyewe. Wanatakiwa waitafute risasi. Hiyo ndiyo nidhamu ninayoisifu. Unapima ili ufike kwa jambo lenyewe, na ukishafika, huliachi ukabaki na namba.

Kwa Kiswahili chetu cha kila siku, neno hili limeshatoka kambini na kuingia sebuleni. Tunasema "mwandishi wa kaliba yake," "kiongozi wa kaliba ile," "huyo dem si wa kaliba yako." Mimi niliacha chuo kikuu kabla ya kumaliza na naishi kwa makala za kulipwa moja moja, kwa hiyo neno hilo nalisikia likija kabla halijatamkwa. Linakuja kwa swali la KCSE ulipata ngapi, ama una digrii ya nini. Alama ya KCSE ni kipimo cha kweli. Kilitengenezwa kujibu nani aingie kozi gani, maana nafasi ni chache na watu ni wengi. Hii inaingia hapa ama haiingii. Lakini miaka kumi baadaye shangazi kwenye harusi anakitumia kujibu swali jingine kabisa: huyu ni mtu wa aina gani?

Silinganishi aliyekosa kazi na aliyekosa uhai. Ningeona haya. Nasema kosa la kufikiri ni moja, na kwa kuwa tunalizoea kwenye mambo madogo, tunakosa kulitambua linapokuja na damu. Tumelelewa kuamini kwamba namba ikishatajwa, mazungumzo yameisha. Mwenye namba amesoma, mwenye uchungu anapiga kelele. Mama anayesema mwanawe alikuwa ameenda tu kuuza hana milimita za kutaja, basi anaambiwa angoje wataalamu.

Sitaki tuache kupima. Taifa lisilopima waliouawa ni taifa linalojiandaa kuua tena. Nataka tukiletewa kipimo tukiulize mambo mawili ambayo hata mwanafunzi wa shule ya msingi angeweza kuuliza. Kilitengenezwa kujibu swali gani? Na swali hilo lilikuwa la nani: la aliyeshika mtutu, ama la aliyesimama mbele yake?

Kwa hiyo wiki ijayo ama mwaka ujao, mtu akikwambia kibandani kwamba ilikuwa ya mpira tu, usibishane naye kuhusu mpira. Muulize umbali ulikuwa hatua ngapi. Muulize kijana alikuwa ameshika nini. Muulize bunduki imesajiliwa kwa jina la nani na daftari liko wapi. Halafu ungoje jibu, hata chai ikipoa.